Tulivyoomba Siku ya Usaili wa Mama Isogezwe Karibu

Nilitoka Handeni kwenda Vugiri kumwambia mama habari ambayo mimi na mume wangu tulikuwa tumemficha. Mdogo wangu Yohana, aliyekuwa akisoma Ulaya, alipasuka mshipa kichwani akalazwa bila fahamu. Mama tulimwambia kwamba Yohana ana homa na simu yake imeharibika.

Pasipoti mama alikuwa nayo. Tuliitengeneza kwa ajili ya mahafali ya Yohana, na ubalozi ulikwisha kumpangia siku ya usaili wa viza, lakini ilikuwa mbali, mwisho wa mwaka. Sasa tulihitaji siku hiyo isogezwe karibu.

Handeni, Jumatatu. Nilikwenda kwa Mama Zuhura, mwenye duka la steshenari karibu na stendi, ambaye ndiye aliyetujazia maombi ya kwanza. Daudi, rafiki wa Yohana huko Ulaya, alikuwa amenitumia barua ya daktari kwenye simu. Mama Zuhura alifungua mtandao, akafika mahali pa kuomba usaili wa dharura, akaniuliza aandike sababu gani.

"Andika mtoto wake anaumwa, anataka kwenda kumwona."

Tukatuma. Kesho yake asubuhi jibu likaja kwamba ombi halikukubaliwa, kwa kuwa maelezo hayakuonyesha dharura. Tuliruhusiwa kuomba tena mara moja tu.

Mama Zuhura alivua miwani. "Dada, kuumwa kila mtu anaumwa. Hao wanaosoma hawamjui Yohana. Daktari amesema nini hasa?"

Nilikuwa sijawahi kuyatamka yale maneno. "Amesema huenda asiamke. Ndugu wa karibu waje mapema."

"Basi tuandike hivyo hivyo. Na huyo Daudi amwombe daktari aweke tarehe na simu ya wodi, wapate pa kuuliza." Akaanza kuandika, kisha akasita. "Mama mwenyewe anajua? Maana huko ataulizwa."

Nilitazama barabarani.

Jumatano kabla ya adhuhuri tulijibiwa tena. Usaili ulikuwa Ijumaa asubuhi, Dar es Salaam.

Njiani kwenda Korogwe. Vichaka vilikuwa vikavu, vumbi limeyafanya majani yote rangi moja. Mahali fulani basi lilisimama kupisha ng'ombe wa Wamasai, nami nikashukuru kwa kuchelewa. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Kila sentensi niliyoipanga ilianza na "usiwe na wasiwasi," na kila mara niliiacha. Korogwe nilichukua bodaboda. Tulipanda milima hadi baridi ikaingia kwenye mikono ya gauni.

Vugiri, alasiri. Mama alikuwa anapalilia maharage nyuma ya nyumba. Aliponiona aliegemeza jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja bila kupiga simu. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni Yohana. Haumwi homa. Mshipa umepasuka kichwani, hajaamka tangu siku ile."

"Anapumua?"

"Mashine inamsaidia."

Alikaa chini pale pale kwenye tuta. Ukungu ulikuwa unashuka. Kisha akaniuliza kwa Kishambaa, taratibu, kwa nini tulimficha.

"Tuliogopa presha yako, mama."

"Presha ni yangu. Na mtoto ni wangu."

Nilipomweleza kuhusu usaili aliinuka, akaenda kumwachia jirani mbuzi wake, akaoga, akatoka amevaa nguo za kanisani. Tulishuka kabla giza halijaingia, tukalala Korogwe kwa mama mdogo.

Alhamisi tulipanda basi la Dar. Mashamba ya mkonge yalipita, Segera ikapita. Karibu na Chalinze ndipo mama aliponigeukia.

"Huko nitaulizwa kwa lugha gani?"

"Watakuwa na mkalimani."

"Basi mimi nitasema kweli. Kazi ya kutafsiri ni yake."

Dar es Salaam, Ijumaa. Wasindikizaji hawakuruhusiwa kuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikimwona mlinzi akimwelekeza mama mlango, naye akimwamkia kwa kuinamisha kichwa. Jua lilipanda. Alipotoka alitembea polepole, mkoba kifuani, hana pasipoti mkononi. Niliogopa.

"Wamebaki nayo," alisema. "Watabandika viza. Waliniuliza watajuaje kama nitarudi."

"Ukasemaje?"

"Nimesema nikimkuta hai nitamuuguza, akipona turudi wote. Nikimkuta amekufa nitarudi kumzika kwao. Kwa vyovyote nitarudi."

Wiki iliyofuata nilimsindikiza uwanja wa ndege. Daudi alimpokea. Nami nikarudi Handeni peke yangu, na kwa siku chache kila simu yangu ilipoita nikiwa karibu na duka lake, Mama Zuhura alikuwa akiacha kazi na kunitazama kutoka dirishani kwake. Simu ya mama ilikuja Jumanne. Yohana alikuwa amefariki asubuhi ile, mama akiwa ameketi kando ya kitanda.

Mama alirudi na mwili wake, tukamzika Vugiri, jirani na kaburi la baba. Siku hizi mtu akiniuliza habari za usaili wa dharura, namwambia aandike jambo lilivyo, hata kama mkono unakataa, na kabla ya kuwaandikia wageni awe amewaambia wa nyumbani. Mimi nilianza kwa wageni.

Baada ya maziko, mjomba wetu alisema kwa sauti ya chini kwamba mbio zote zile hazikusaidia kitu, kwa kuwa mtoto alikufa vilevile. Mama alimsikia.

"Nilimkuta ana joto," alisema. "Walikuwa wamemtunza vizuri, ila kucha zilikuwa ndefu. Nikaomba mkasi, nikamkata zote, za mikono na za miguu."

Mjomba aliinamisha kichwa. Mama akamsogezea kiti, akamwambia akae ale.