Mkono Ndani ya Debe

Debe tupu la mafuta ya kupikia, likichomwa na jua, lina harufu nzito inayonirudisha Mjambere, kwenye kanisa letu la mabati, siku ya bahati nasibu ya kuchangia ukuta. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa Saudia, akifanya kazi katika nyumba za watu. Kila Jumapili nilizungumza naye kwa simu ya jirani, Mama Riziki, ambaye hakubanduka ubavuni mwangu mpaka niseme kwaheri. Basi sikuwahi kumwambia mama nililotaka: arudi.

Zawadi ilikuwa simu.

Bibi yangu, Hawe, alinunua tiketi moja, akanituma niitumbukize katika debe la tiketi. Kwetu mchotaji huwa mtoto, amefungwa leso machoni, na huitwa papo hapo. Kwa hiyo, nikiomba niitwe mimi, niliikunja tiketi mara mbili nikaing'ata kona, ili vidole viijue.

"Kadzo!" mzee wa kanisa akaita.

"Abee."

"Njoo utuchotee. Mtoto hana hila."

"Huyo? Mtazameni macho!" Mama Riziki akadakia, watu wakacheka.

Nikafungwa leso, nikazamisha mkono hadi begani. Karatasi ya kwanza ilikuwa imeng'atwa kona. Ya pili pia. Nyingine imesokotwa kama utambi, nyingine imefungwa uzi. Nikapapasa mpaka mzee akakohoa, nikatoa iliyokuwa mkononi.

Mzee akasoma jina: Mama Riziki! Akapiga vigelegele, ile simu yake ya siku zote ikiwa imening'inia shingoni.

Nililia njia nzima. "Haikuwa nasibu yetu, mjukuu wangu," Hawe alisema, akaenda kukuna nazi.

Neno hilo lilinikera miaka mingi. Nilipofika chuo kikuu nilifungua kamusi nibishane nalo. Bahati, asili yake Kiajemi. Nasibu, Kiarabu: fungu, sehemu aliyogaiwa mtu. Amegaiwa na nani, kwa kipimo gani? Kamusi haikusema, na Hawe hakuwepo tena wa kumuuliza.

Lakini siku hizi kinachonijia si kamusi. Ni zile kona ndani ya debe. Alama za meno zilikuwa ndogo, kama zangu. Pale kanisani nilijiona niko peke yangu, na sikumuuliza hata mmoja wa watoto wenzangu alitaka kumpigia nani.