Taya la Ambwene

Vijana wa kundi la Jofrey pale Tunduma walikuwa na afya, au ndivyo walivyojidanganya. Alfajiri walikimbia, wakarudi kunyanyua vyuma vya zege walivyojimiminia wenyewe kwenye makopo ya rangi. Kwao, mwenye kifua kipana ndiye mzima. Hospitali hawakukanyaga: ukifika na jeraha la panga utaulizwa PF3, na fomu hiyo hutolewa polisi. Nani ajipeleke mwenyewe?

Ambwene, mtoto wa Tusekile, mkulima wa kahawa kule Itaka, ndiye aliyewashinda wote kwa kifua. Walipopigana na kundi jingine nyuma ya maghala, panga likamchana shavu la mguu. Jofrey, kiongozi wao, ndiye pia aliyekuwa daktari wao. Akapasua vidonge vya rangi mbili, akamwaga unga kidondani, akafunga kitambaa.

"Wewe chuma, mwanangu," akasema.

Siku ya nane asubuhi chapati ikamshinda Ambwene. Njaa alikuwa nayo. Taya ndilo lililogoma. Hofu ikamshika, maana ugonjwa ule aliujua. Mwaka jana mwenzao Nsajigwa alikatwa panga mkononi, akaanza vivyo hivyo. Wakasema karogwa, wakampeleka kwa mganga, na Ambwene ndiye aliyemshika mabega mgongo ulipokuwa ukikakamaa na kupinda. Walimzika Jumamosi.

"Baridi tu hiyo," Jofrey alimwambia. "Ukienda hospitali umetuuza wote."

Alikaa mpaka saa sita akiogopa yote mawili, polisi na kaburi. Na kwa nini tumfichie aibu yake? Alilia, na kifua chake chote kile. Kisha akaenda kituo cha afya akichechemea.

Nesi Jenista hakuuliza nani alimkata.

"PF3 baadaye, mdogo wangu. Fungua kinywa."

Kikafunguka upana wa kidole. Jenista akatazama kidonda, uso ukambadilika, akatuma mtu mbio amwite dereva wa gari la wagonjwa.

"Pepopunda hii. Ungekuja siku ile ile tungekusafisha, tukakuchoma sindano, ukarudi nyumbani."

Sindano tu! Ambwene alimkumbuka Nsajigwa, waliyempeleka kwa mganga.

"Nitajie namba ya mama yako," Jenista alisema upesi.

"Sifuri saba tano..."

Meno yakakutana, taya likajifunga. Jenista akasubiri, kalamu mkononi, na Ambwene akamtazama tu kwa macho.