Migomba ya Jirani

Gari la kunyonya vyoo likipita mtaani, mimi hushindwa kutulia kitini.

Waingereza walipoamuru kila nyumba ichimbe choo, bibi yangu, kule milimani juu ya Same, alichimba viwili: kimoja tukitumie, kingine kilichokwisha kujaa kioze na majivu kiwe mbolea ya migomba. Kujisaidia ugenini alinikataza kabisa.

Siku moja tukirudi sokoni tumbo likanisokota.

“Bibi, siwezi tena!”

“Kaza mwendo, mjukuu wangu. Migomba yetu ina njaa.”

Nilikimbia, nikajibana, jasho likinitoka. Mpakani mwa shamba letu nikashindwa, nikachuchumaa kwenye migomba ya jirani. Jioni bibi alikwenda kumweleza jirani, kana kwamba mbuzi wetu kazalia zizini kwake.

Ndizi zilipokomaa, jirani alibisha hodi na chana moja.

“Shikamoo, mama. Fungu la mjukuu wako.”

Bibi aliipokea bila kucheka.