Wanawake wa Orodha ya Kimya

Pale dukani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Breki. Jina alipewa na watu wa mauzo, kwa sababu kila walipotaka jambo litoke leo, yeye ndiye aliyesema, "Bado." Duka lenyewe ni la vitu vya watoto wachanga: nepi, chupa, beseni za kuogea, vitanda vyenye chandarua. Alianza pale miaka tisa nyuma, kaunta, akikunja fulana zisizozidi kiganja. Kompyuta alijifundisha mwenyewe saa za chakula cha mchana, mkono mmoja kwenye kipanya na mwingine umeshika mkate, mpaka ikafika siku ambayo hakuna mwingine aliyejua jumbe za wateja zinatokaje.

Maana jumbe zilikuwa zikijituma zenyewe. Mama mjamzito akija kununua, anaacha namba ya simu na tarehe anayotarajia kujifungua. Kuanzia hapo mfumo unahesabu. Tarehe ikifika, hongera. Mtoto akifikisha mwezi, punguzo la nepi. Haumuulizi mtu chochote, unaamini tarehe tu. Na tarehe, ndugu zangu, haijui kilichotokea wodini.

Bi Breki alilijua hilo vizuri kuliko alivyotaka. Mdogo wake, kitindamimba wao, aliyemlea mgongoni, alimzaa mtoto wake wa kwanza, na mtoto akatoka hana pumzi. Wiki mbili baadaye simu ikalia mchagoni mwa kitanda: hongera mama, na picha ya kichanga kinacheka. Mdogo mtu hakulia wala hakugomba. Alimnyooshea dada yake simu na kusema, "Dada, niondoe humo." Basi.

Kesho yake Bi Breki alianzisha orodha aliyoiita Kimya. Akawakalisha chini wasichana wa kaunta. "Mwanamume akirudisha kitanda ambacho hata kamba hakijafunguliwa, usimuulize sababu. Kipokee, mrudishie chake, weka alama ya Kimya kwenye namba ya mkewe. Na uso wako usibadilike." Aliyewekwa Kimya hatumiwi kitu tena, hata salamu.

Jambo la pili alilofanya ni kufungua akaunti ya majaribio. Ilikuwa kama ile ya kweli kwa kila kitu, isipokuwa ndani yake hamkuwa na binadamu. Aliijaza wanawake thelathini wa kubuni, akawaita kwa vyombo vya jikoni: Mama Sufuria, Mama Mwiko, Mama Kikaango. Jumbe zao zote ziliangukia kwenye simu mbili kuukuu zilizokaa drooni mwake. Mama Mwiko alikuwa Kimya. Ujumbe mpya ukimfikia Mama Mwiko hata mara moja, kazi inarudi mwanzo. Juu ya ukurasa aliweka utepe wa manjano, mtu asije akaichanganya na ile ya kweli.

Ofisi nzima ilimfanya kichekesho. "Bi Breki, Mama Sufuria amejifungua salama?"

"Pacha," anajibu bila kugeuka. "Na baba yao anafanana na wewe."

Wakacheka, yeye akaendelea na kazi yake. Mpaka alipoletwa Mkwe.

Mkwe ndiye aliyemuoa binti wa Bimkubwa, mwenye duka, na akapewa kusimamia mauzo. Alikuwa kijana mchangamfu, viatu vinang'aa, haraka kama ana moto nyuma. Alitaka ujumbe mpya: mtoto akitimiza mwaka mmoja, mama apongezwe na aonyeshwe viatu vya kujifunzia kutembea.

"Nipe siku tatu niujaribu," Bi Breki alimwambia.

"Siku tatu kwa mistari miwili? Dada yangu, hii ni hongera, si operesheni ya moyo."

"Mistari miwili ndiyo iliyomfuata mdogo wangu kitandani, bosi. Siku tatu."

Mkwe akacheka, akamgonga begani, akaondoka. Bi Breki akadhani yameisha.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, alikuwa chini stoo akikagua mzigo. Ghafla simu za wasichana wawili wa kaunta zikalia kwa pamoja. Mmoja akasoma, akakunja uso. "Jamani! Mwanangu wa darasa la kwanza eti leo anatimiza mwaka!"

Bi Breki alipanda ngazi bila kuhisi ngazi. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, yeye Bi Breki, kikombe cha chai mkononi.

"Umefanya nini?"

"Tulia, dada. Najaribu tu."

"Unajaribu wapi?"

Mkwe akageuza kioo cha kompyuta. Juu ya ukurasa hapakuwa na utepe wa manjano. Palikuwa peupe.

Mkwe alikuwa ameutoa ujumbe kule kwenye majaribio kabla haujaiva, akaupeleka kwenye akaunti ya kweli. Alitaka kuuona kwenye simu yake mwenyewe, na kwa kuwa ulichelewa, akaondoa masharti yote yaliyouchelewesha: sharti la tarehe, na la Kimya. Kisha akabonyeza. Hakuangalia umeelekezwa kwa nani. Ulielekezwa kwa wote.

Bi Breki aliusimamisha, lakini jumbe elfu sita na ushee zilikuwa zimeshatoka. Akafungua Kimya. Wanawake mia moja themanini na saba. Wote wamepata.

"Basi tuombe radhi," Mkwe akasema. "Tuma kwa wote, sasa hivi. Nimeshaandika. 'Mfumo wetu umepata hitilafu...'"

"Mfumo umefanya ulichoutuma!" Bi Breki alifoka. "Umewapiga mara moja, unataka urudie? Hawa niliwaahidi hatutawagusa tena. Inuka kwenye kiti changu."

"Dada, angalia unavyoongea na..."

"Inuka!"

Akainuka. Bi Breki akakaa, akaingia kwenye orodha ya wenye ruhusa, na mbele ya macho ya Mkwe akalifuta jina lake.

Dakika kumi hazikufika, Bimkubwa akaingia, anahema, miwani imepanda kichwani. "Mwanangu, umemfungia mkwe wangu mlango?"

"Ndiyo, Bimkubwa. Na ukiniambia nimfungulie, tafuta mtu mwingine akae hapa."

"Haya, tusifike huko. Si ujumbe mmoja tu wa samahani? Tutume, yaishe."

Bi Breki alikuwa na maneno ambayo mtu hamwambii mwajiri wake, na yalikuwa yameshafika mdomoni, simu yake ilipolia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada." Sauti ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. "Ni wewe uliyetuma?"

"Si mimi."

"Aliyetuma yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Bi Breki akamnyooshea Mkwe. Mkwe akaitazama ile simu kama imetoka motoni, akamtazama Bimkubwa, halafu akaipokea.

"Haloo... samahani sana, dada, mfumo ulikuwa..." Akakatizwa. "Hapana. Ni mimi. Mimi mwenyewe." Akasikiliza. Uso ukamshuka polepole. "Ndiyo... Hapana, sikujua." Akasikiliza tena, muda mrefu, kisha simu ikakatwa upande wa pili.

"Kasema nini?" Bimkubwa akauliza.

"Kasema ni mvulana. Kanitajia jina lake. Kasema sasa hivi angekuwa anatembea." Mkwe alikuwa haangalii mtu. "Kasema akiona samahani nyingine ya maandishi, atakuja hapa kwa miguu yake."

Bimkubwa alishusha miwani machoni kama anayetafuta kitu cha kusoma. Hakusema habari ya ujumbe tena. Alivuta kiti kimoja, akakiweka kando ya meza ya Bi Breki, akamtazama mkwe wake mpaka akaelewa, akakaa.

"Niwapigie wote mia moja themanini na sita waliobaki?" Mkwe aliuliza. "Nikipigiwa kelele?"

"Utasikiliza."

"Asiyetaka kupokea?"

"Utamwacha."

"Nianzeje?"

"Taja jina lako," Bi Breki alisema. Hasira haikuwa imempungua hata chembe. Akaifungua Kimya kwenye mstari wa kwanza, akabonyeza namba, akamsukumia simu mbele yake.