Nilivyotaka kubadilisha bastola yangu ya shabaha kwa model mpya, wiki tano kabla ya mtihani (Dubai)

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko nyumbani na sisi tulioko kwa watu.

Kuna jamaa kwenye uzi mwingine kauliza kama abadilishe bastola yake ya zamani ya shabaha kwa model mpya. Nikaanza kumjibu pale, jibu likawa refu kuliko swali, ndiyo maana nimefungua uzi. Nitasimulia yaliyonipata mimi. Nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki, sitajaza.

Kwanza niwatoe hofu. Hii ni bastola ya upepo, ya kulenga karatasi mita kumi. Haiui mtu, labda uzembe ndiyo unaoua. Na haikuwa mali yangu. Dubai mtu kama mimi hamiliki bastola ya aina yoyote. Zote zimeandikwa kwenye daftari la klabu na zinalala kwenye chumba cha chuma. Ila kila mfanyakazi anayepiga shabaha ana ya kwake anayopewa, na tunaita "yangu" kama vile tunavyoita kitanda cha chumba cha kupanga kule Karama "changu".

Klabu siitaji. Mwaka nao siutaji, chukueni kati ya 2014 na 2017.

Kazi yangu ilikuwa kubadilisha karatasi za shabaha, kugawa miwani, kuokota vyuma vilivyopigwa na kufagia. Kwenye visa niliandikwa cleaner. Wageni wakishaondoka, manager wetu, madam mmoja mkali lakini wa haki, alituruhusu kupiga. Miaka mitatu nikawa napiga kila jioni ambayo sina overtime.

Siku moja madam akaniita ofisini.

"Nahitaji assistant coach. Ukipiga 550 mbele ya mkaguzi wa nje, nakupeleka kozi na nabadilisha title kwenye visa yako. Wiki tano."

Mtihani wenyewe ni risasi sitini, kila moja ina alama kumi, jumla 600.

Wasiokaa Ghuba hawataelewa uzito wa neno moja kwenye visa. Cleaner haleti mke. Assistant coach, kwa mshahara wake na chumba cha klabu, analeta. Mke wangu Zuhura alikuwa Morogoro na mtoto, na nilishamwambia "mwakani" mara tatu. Nimezihesabu.

Kwa hiyo kilichokuwa mezani ni hicho. Msije mkadhani nilikosa usingizi kwa sababu ya chuma.

Sasa, bastola yangu ilikuwa ya zamani. Kila ukitaka kupiga unafungua mkono wa chuma pembeni na kuukandamiza kwa nguvu ili ujaze upepo, halafu ndiyo unapiga. Mara sitini. Ukimaliza mtihani bega linakuuliza maswali. Mpini wa mbao niliuchonga mwenyewe kwa msasa, miezi minane, mpaka ukakaa kwenye kiganja kama umezaliwa nacho.

Model mpya hazina mkono ule. Zina mtungi mdogo wa hewa chini ya mtutu. Unaujaza mara moja, unapiga zote sitini bila jasho.

Hapo ndipo anapoingia Ami Nassor. Huyu ni Mzanzibari wa siku nyingi Dubai, ana karakana na leseni ya vifaa vya shabaha kule Ras Al Khor, mlango wa pili kutoka duka la gearbox. Alikuja klabuni na model mpya aliyokuwa akiitumia kwa maonyesho. Akamwambia madam: nipeni ile ya zamani, chukueni hii, na kitu kidogo juu. Hicho kitu kidogo kilikuwa kati yao wawili, mimi hakinihusu. Madam akaniachia uamuzi.

"You shoot it, you decide. But once it goes, it goes. Mpaka Alhamisi."

Ami akaiacha ile mpya kwetu siku nane ili nijaribu.

Wakuu, mimi ni mtu wa kuhesabu. Nikichukua chenji nahesabu, nikifika nje nahesabu tena. Nikachukua daftari, nikagawa kurasa mbili. Siku moja napiga na ya zamani, siku ya pili na mpya.

Ya zamani: 547, 552, 549, 548.

Mpya: 556, 543, 559, 544.

Nikatafuta wastani. Ya zamani 549. Mpya 550 na nusu. Nikarudia hesabu, majibu yaleyale. Yaani ya zamani inanifelisha kwa alama moja, mpya inanifaulisha kwa nusu alama. Ila hiyo mpya siku moja inanipandisha mbinguni, kesho yake inanitupa. Nikashindwa kujua mtihani utaangukia siku ipi.

Hamu ya kula ikakata. Jamaa wa chumbani Karama wakadhani nimefukuzwa kazi, wakaanza kunihurumia hadi nikaachiwa kipande kikubwa cha kuku. Sikukataa.

Alhamisi Ami akaja. Na mimi, wasiwasi ukinizidi, mdomo ndiyo unafanya kazi. Nikaanza kupatana.

"Ami, mtungi mmoja hautoshi. Ukigoma siku ya mtihani nifanye nini?"

"Haugomi, yakhe. Mwaka mzima natembea nao."

"Basi kama haugomi, nipe na wa pili, si hautakuwa na kazi."

Akacheka. "Wewe wa bara, nani kakufunza biashara?"

"Na mpini mdogo. Huu ni wa mtu mwenye kiganja cha mpishi wa pilau."

"Haya, mpini n'takupa. Mtungi wa pili nao n'takupa. Wataka na mtoto wangu wa kike?"

"Ninaye mke, Ami. Kinachonishinda ni kumleta."

Hapo akatoa mtungi wa pili kwenye mkoba. Nikaihesabu mezani. Moja, mbili. Nikaihesabu tena kwenye sanduku. Mbili, moja. Nikasaini fomu. Nilitoka pale kifua mbele, nikijiona nimemkamua mfanyabiashara wa miaka thelathini.

Fomu ikabaki kwa madam, maana bastola haitoki klabuni bila kibali, na kibali kilikuwa kinasubiri Jumapili ofisi zifunguliwe.

Jumamosi nikawa najigamba kwa Wasswa. Huyu ni Mganda, mlinzi wa getini, na moja ya kazi zake ni kukagua mitungi ya kuzimia moto jengo zima. Kila mwezi anapita na karatasi yake, anasoma tarehe, anaweka tiki. Nilipomwonyesha ile mitungi yangu miwili hakuangalia bastola hata kidogo. Akauchukua mmoja, akaugeuza kwenye mwanga, kidole kikaenda moja kwa moja shingoni.

"Banange. Hii inakufa mwezi hii."

"Inakufaje?"

"Tarehe ya mwisho. Soma. Na hii ingine pia, ndugu yake. Imebaki wiki tatu."

Nikasoma. Mwezi na mwaka, vimegongwa kwenye chuma, herufi ndogo lakini hazijajificha.

Mitungi ya hewa ina umri. Ukipita, klabu hairuhusiwi kuijaza, na mkaguzi akiiona mezani anakuondoa kabla hujapiga hata risasi moja. Kanuni hiyo naijua. Iko ukutani, na ukuta ule mimi ndiye ninayeufuta vumbi.

Wasswa hakunionea huruma. "Wewe unahesabu mara mbili, lakini hausomi hata mara moja."

Wakuu, nilikaa chini pale getini kwenye joto lote lile. Kila kitu nilikipatana, mpini, idadi, sanduku. Tarehe sikuigusa. Na ule mtungi wa pili niliouona ushindi, Ami aliutoa kirahisi kwa sababu wiki tatu mbele usingekuwa na kazi.

Nikampigia.

"Ami, mitungi yako inaisha kabla ya mtihani wangu."

"Imeandikwa hapo hapo, mwanangu. Mimi sikuifuta. Hukuniuliza tarehe, umeniuliza idadi."

Na ndivyo ilivyokuwa.

"Lakini usihangaike," akaendelea. "Mipya nimeagiza Ulaya. Wiki mbili, tatu, inshallah itakuwa imefika."

Sina ugomvi na inshallah. Ila mtu ukikaa Dubai unajifunza kuwa kuna inshallah ya "nakuja", na ya "sijui", na ya "usinisumbue". Kwenye simu huwezi kuzitofautisha.

Usiku huo nikawa na kesi mbili kichwani. Nikinyamaza, bastola ya zamani itaondoka Jumapili, nami nibaki na mpya isiyo na pumzi, nikimsubiri mtu wa Ulaya. Nikisema, nitakuwa nimemwambia madam kwamba mtu anayetaka kumfanya assistant coach, anayetakiwa kukagua vifaa vya wageni, hakukagua vya kwake. Ni aibu ipi bora? Nilipima hivi, nikapima vile, mpaka wa kitanda cha juu akagonga mbao, "Kaka, lala basi, au shuka ugeuke huko chini."

Jumapili saa moja nilikuwa mlangoni kwa madam. Nikamwambia yote, bila kujipamba. Nikaweka mitungi mezani, tarehe zikimtazama yeye.

Akaisoma. Akanisoma na mimi.

"Who found this? You?"

Hapa, wakuu, shetani alinipa jibu zuri sana.

"Wasswa, madam. Mlinzi."

Akaitoa fomu yangu kwenye file.

"Naweza kuichana. Lakini nikiichana, hakuna kubadilisha tena kabla ya mtihani. Mitungi mipya ikifika kesho, utapiga na ya zamani vilevile. Sitaki mtu wa kubadili mawazo kila siku."

Upande mmoja 549 ninayoijua. Upande wa pili 550 na nusu inayosubiri ndege. Nikafuta mikono kwenye suruali mbele yake.

Nikamwambia achane. Akachana.

Wiki tatu na siku kadhaa zilizofuata ndipo nilipoelewa daftari langu. Ule mkono wa chuma niliokuwa naulaani, ndio uliokuwa unanizuia. Mimi nikiwa na wasiwasi naharakisha. Na ile mpya hakuna kinachonichelewesha, risasi inafuata risasi, siku moyo umetulia napata 559, siku umechafuka napata 543. Ya zamani hainiulizi moyo uko wapi. Inanilazimisha nishushe mkono, nikandamize, nivute pumzi, nianze upya.

Nilidhani napima bastola mbili, kumbe nilikuwa napima woga wangu.

Siku ya mtihani. Mkaguzi wa nje, mzee mpole asiyetabasamu. Risasi kumi kumi, raundi sita. 91, 93, 90, 92, 92. Jumla 458. Raundi ya mwisho nilihitaji 92.

Risasi tisa zikaleta 84. Nikahesabu kichwani, nikahesabu tena. Nane inatosha. Nane tu, alama ambayo siku ya kawaida naiona ni ajali. Nikainua mkono haraka, kabla hata ya kujaza upepo. Nikaushusha. Nyuma yangu nasikia madam anahama mguu.

Nikafungua ule mkono wa chuma, nikaufunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Nikainua. Nikapiga.

Tisa.

551. Nikaomba karatasi nizihesabu mwenyewe, madam akasema, "Khalas! Toka hapo."

Sasa sehemu isiyonipendeza. Kesho yake nikampigia Ami Nassor, nimejiandaa kumcheka. Kumbe mitungi ilifika siku sita kabla ya mtihani. Mipya kabisa. Aliipeleka klabuni mwenyewe, na madam, kwa neno lake, hakuniambia. Yaani ile inshallah ilikuwa ya kweli. Nilimdhania tapeli wiki tatu nzima, nikamsema kwa kila Mswahili wa Karama. Nikamwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha hayo. Jee, wabadilisha sasa?"

Sikubadilisha. Ile mpya aliichukua mwanachama mmoja wa klabu, baadaye akapiga nayo 570. Sikuumia. Niliumia kidogo.

Jioni nikampigia Zuhura. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, daftari, mitungi, fomu kuchanwa, mpaka ile tisa. Akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

Halafu akasema, "Kwa hiyo bastola hukutaka ilale hata usiku mmoja Ras Al Khor."

"Ndiyo."

"Mimi nimelala huku miaka mitatu, baba Salma."

Kesho yake asubuhi, kabla sijashika ufagio, nilikuwa ofisini nikiomba orodha ya makaratasi ya visa ya mke, na safari hii kila karatasi niliisoma tarehe kwanza.

Kwa aliyeuliza: ndugu, model mpya inaweza kuwa bora kweli. Ila jipime mwenyewe nayo siku nzuri na siku mbaya, usichukue siku nzuri peke yake. Soma kilichoandikwa kwenye chuma kabla ya kuanza kupatana, maana mdomo ukishaanza macho yanalala. Na kama una la kuachia, hakikisha unaliachia kwa kitu kilichopo mezani.

Mliowahi kubadilisha kifaa cha kazi karibu na siku yenyewe, iwe kamera, cherehani au gari, njooni mseme iliwaendeaje. Wa kunicheka kuhusu mitungi nanyi karibuni, ila Wasswa ameshawatangulia.