Ringi za Kwenda Malindi

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ni fundi baiskeli pale Lushoto mjini, na mdomo anao. Nilipompelekea gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ya milimani, ringi imepinda na spoku nne zimekatika, alilitazama, kisha akanitazama tumbo.

"Shemeji, hili halikuvunjwa na mawe."

Nikamwambia sitaki kutengenezewa. Nataka magurudumu mapya, yote mawili, kila kifaa nikichague mwenyewe. Baba alikuwa amefariki miezi michache nyuma, mama amebaki peke yake Malindi, ile ya huku huku milimani, si ya pwani, na siku tulipomaliza matanga nilimwahidi kwamba kila Jumamosi nitakwenda kumwona. Njia ile ina mawe na kona za kutosha, magurudumu ya dukani hayaiwezi. Ndivyo nilivyojieleza, tena kwa uso mkavu.

Basi nikaanza kuchagua. Loo! Ringi pana au nyembamba? Kaboni au aluminiamu? Spoku thelathini na mbili au ishirini na nane? Nilisahihisha madaftari ya wanafunzi huku simu ikinionyesha Mzungu akipima ringi kwa gramu. Nikaenda kumweleza shemeji kwamba nimepata ringi iliyopungua gramu hamsini.

"Hamsini tu? Acha sukari kwenye chai, utapunguza zaidi."

Kila Jumamosi nilimpigia mama simu. Mama, wiki hii habu haijafika, kile kiini cha katikati ya gurudumu. Mama, wiki hii ringi bado iko Dar. "Haya mwanangu," anajibu. "Ikifika utakuja." Wala hakulalamika.

Kisha nikafanya kioja. Urefu wa spoku hupimwa kwa ringi na habu, kila fundi anajua. Mimi nikaagiza spoku kwanza, kwa sababu zilikuwa nyeusi na zinang'aa. Zilipofika, ndefu kupita kiasi. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda chake.

"Umenunua mlango, sasa tafuta nyumba!"

Nikacheka naye. Tukaagiza nyingine, wiki mbili zikapita. Zilipofika nikamwambia habu ile siitaki tena, nimeona nyingine inayolia vizuri ukiacha kukanyaga pedali. Safari hii hakucheka. Aliweka spana chini, akajifuta mikono.

"Shemeji, gari la Malindi linaondoka stendi kila siku. Mama anakusubiri wewe, au anasubiri ringi?"

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia mambo ya baiskeli hayajui. Yeye, aliyeshika spana tangu mimi sijajua kuziba pancha! Nikaondoka bila hata kuaga, na mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshajua kwamba kasema kweli. Sikuogopa mawe ya njiani. Niliogopa kuingia nyumba ile nisimkute baba wa kumpa shikamoo. Na maadamu nilikuwa bado nachagua, hakuna aliyeweza kuniambia nimekataa kwenda.

Jumamosi asubuhi nilipita kwake kuomba radhi. Nikamwambia achague yeye, chochote, hata cha mtumba.

"Nenda kwanza," akasema. "Usije ukaanza kuchagua kiti cha kukalia kwenye gari."

Sikumpigia mama kwamba nakuja. Nilimkuta jikoni, mgongo ameupa mlango. Nikasimama hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa mikono."

Akapakua makande sahani mbili. Zilikuwa tayari zimewekwa mkekani, mbili, na vijiko viwili. Nikamuuliza kama kuna mgeni anayemsubiri.

"Mgeni gani? Leo si Jumamosi?" Akanisogezea sahani iliyojaa zaidi. "Kila Jumamosi napika ya watu wawili. Jumapili nikitoka kanisani nakula kiporo chako."