V ya Ukurasa wa Arobaini

Verna Noske alisoma riwaya yake ya kwanza ya mapenzi akiwa na miaka kumi na minne, kaiiba chini ya godoro la shangazi yake, na hadi leo, akiwa na miaka sabini na sita, hajaachana nazo. Wapo waliosoma hadi chuo kikuu na hawajafikisha robo ya vitabu vya Verna. Wakisema vile si vitabu, waache waseme. Wivu hauna dawa.

Alizisoma akikoroga sufuria za wakata manyoya ya kondoo, alizisoma akinyonyesha watoto watatu, alizisoma mwaka ule moto ulipokula malisho yote ya mashariki. Hakutaka makubwa. Wapendanao wagombane kidogo, mvua inyeshe, waoane. Shambani kwake mvua ya maana ilikuwa haijaonekana mwaka wa tatu sasa, basi angalau inyeshe kitabuni.

Gari la maktaba hufika kijijini Wirrabin kila Jumanne ya pili, likaegeshwa kando ya ghala la ngano. Riwaya zenyewe hufanana kama kondoo: jalada lina mwanamume mwenye kidevu kipana na mwanamke anayepeperushwa nywele. Ndiyo maana kila mwanamke wa pale ana alama yake ya penseli, asije akaazima alichokwisha kukisoma. Beryl wa posta hupigia mstari namba ya ukurasa wa ishirini na moja. Verna huchora V ndogo pembeni mwa ukurasa wa arobaini, V ile ile inayokatwa kwenye masikio ya kondoo wa kina Noske tangu enzi za baba mkwe. Leanne, mkutubi wa gari hilo, anajua yote hayo na hujifanya kipofu.

Jumanne hiyo Verna alipanda ngazi ya gari kwa mikupuo miwili, nyonga inamuuma. Tangu alfajiri alikuwa akiwamwagia kondoo chakula, maana mgongo wa mumewe haubebi tena magunia. Akachukua kitabu cha kwanza, akafunua ukurasa wa arobaini. V. Cha pili, V. Cha tatu na cha nne vivyo hivyo.

"Leanne, hivi si vipya?"

"Vipya kabisa, mama. Vimeingia mwezi jana."

Verna akasoma nyuma ya jalada. Daktari wa mifugo, na mjane mwenye duka la mikate. Hakukumbuka hata chembe. Mama yake alianza hivyo hivyo: alisahau majina ya mbwa, kisha ya majirani, na mwishowe alilala miaka minne katika nyumba ya wazee akimwita Verna "nesi".

"Mbona umeganda, shoga," Beryl alisema nyuma yake. "Unachagua kitabu au mume?"

"Mume ninaye. Huyo mmoja amenichosha vya kutosha."

Akaazima kile cha daktari wa mifugo. Hakumwambia mtu.

Siku tatu alikisoma pale kwenye meza ya jikoni, bila raha, kama mtu anayetafuta funguo zake katika nyumba ya mwenzake. Kila ukurasa alingoja kumbukumbu ibishe hodi. Haikubisha. Siku ya tatu Merv, mumewe, ambaye kwa miaka hamsini na mmoja ameziita riwaya hizo uji wa sukari, aliingia kunywa chai.

"Uso umekusawijika, mama. Kuna nini?"

Verna hakuweza kusema la kweli. "Huyu daktari kaondoka. Kamwacha mjane na mikate yake."

"Usihangaike. Atarudi siku ya mafuriko, na yule mbwa wa miguu mitatu."

Verna akakilaza kitabu mezani polepole.

"Merv. Habari za mbwa umezijulia wapi?"

Mzee akaitazama kofia yake kana kwamba kofia ndiyo iliyoulizwa.

"Gari lile la vitabu Alhamisi husimama kule ninakocheza karata," akasema. "Nilianza na kimoja tu, ulipolazwa hospitali na nyonga yako. Nyumba ilikuwa kimya mno."

"Unasomea wapi?"

"Bandani. Juu ya trekta."

"Na ile V?"

"Sasa ningeweka nini? Shamba ni moja. Lini kondoo wako na wangu wakawa na mikato tofauti?"

Verna alitaka kucheka, alitaka pia kumpiga na kitabu. Uchovu ukazidi yote mawili. Akafunika macho kwa kiganja.

"Nilidhani nimekuwa kama mama," akasema.

Merv akavuta birika. Akammiminia chai, akatia vijiko vitatu vya sukari, naye Verna hatii sukari. Aliinywa hivyo hivyo.

"Kwa hiyo vile vitatu vingine sijavisoma."

"Hujavisoma."

Verna akamsukumia penseli. "Tafuta alama yako. V ni yangu. Na ukinisimulia mwisho tena, utalala na mbwa."

"Vyote mwisho wake ni harusi, mwanamke."

"Nyamaza, Merv."

Akapandisha miguu juu ya kiti cha pili, akarudi pale daktari alipoondoka. Nje kondoo walikuwa wanalilia chakula cha jioni. Verna alifunua ukurasa. Merv akangoja kidogo, akajishika mgongo, akavaa kofia, akaenda kuwalisha yeye.